Mimea ya tangi la samaki ni mtaji, lakini mabaki yake yasifike ziwani

KATIKA hoteli, ofisi, zahanati za binafsi na sebule za nyumba nyingi mijini, tangi la kioo lenye samaki wa mapambo si kitu cha kushangaza tena. Mafundi wa kuunganisha vioo wapo, wauzaji wa samaki wapo, na vifaa kama pampu za hewa, chujio na taa vinapatikana madukani. Kinachokosekana katika matangi mengi ni mmea ulio hai. Badala yake kuna majani ya plastiki, mekundu na ya kijani, ambayo baada ya miezi michache hufunikwa na mwani na kuonekana kama takataka.

Sababu si kwamba wateja hawapendi mimea hai. Wako waliokwisha kuinunua na kuipanda, na baada ya wiki tatu wakaikuta imeoza. Muuzaji hulaumu maji ya mteja, mteja hulaumu mmea wa muuzaji, na biashara huishia hapo. Mara nyingi kosa huwa katika mkono uliopanda na mkasi uliokata, au ambao haukukata kabisa.

Suala hili laweza kuonekana dogo katika nchi yenye mahindi, kahawa na korosho za kuhangaikia. Hata hivyo, lina pande mbili zinazostahili kuangaliwa kwa makini na wakulima, wafanyabiashara na vyombo vya serikali. Upande wa kwanza ni kipato. Mimea mingi ya tangi haipandwi kwa mbegu, hupandwa kwa vipande, hivyo anayejua kukata na kupanda huwa na kitalu kisichokwisha. Upande wa pili ni hatari. Kipande hicho hicho kikitupwa mtaroni na kufika mtoni, nako huota.

Ikumbukwe kwamba mmea hai ndani ya tangi si pambo tu. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Mimea huitumia amonia hiyo kama mbolea, pamoja na naitreti inayotokana nayo baada ya bakteria kuifanyia kazi. Wakati wa mwanga mimea hutoa oksijeni, na majani yake huwapa vifaranga wa samaki mahali pa kujificha wasiliwe na wakubwa.

Usiku mambo hubadilika. Mimea, kama samaki, hutumia oksijeni wakati wa giza. Tangi lililojaa majani kupita kiasi, lenye samaki wengi na lisilo na pampu ya hewa, laweza kuamkia na samaki wanaohema juu ya maji. Umeme unapokatika usiku hatari huwa kubwa zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuipunguza mimea mara kwa mara badala ya kuiacha ijifanyie itakavyo.

Habari njema ni kwamba mkulima hahitaji elimu ngeni. Karibu kila kanuni ya kukata na kupanda mimea ya tangi ina ndugu yake shambani. Kwa ajili ya kazi hii mimea inaweza kugawanywa katika makundi matatu, na kosa kubwa la wengi ni kuyatendea makundi yote kwa namna moja.

Kundi la kwanza ni mimea ya shina, kama Hygrophila, Ludwigia na Rotala. Hii ni sawa na marando ya viazi vitamu. Shina hukatwa kwa mkasi mkali, juu kidogo ya kifundo, pale majani yanapochomoza. Kipande cha juu chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 ndicho bora, kwa kuwa kina kilele kichanga chenye nguvu. Majani ya chini, kiasi cha sentimita tatu hivi, huondolewa ili yasioze yakifukiwa. Kisha kipande huchomekwa kwenye changarawe mpaka kifundo kimoja au viwili viwe ndani, maana mizizi hutokea kwenye vifundo.

Shina lililobaki chini halipotei. Kama ilivyo kwa chai, ambayo hukatwa vilele ili ichanue matawi, shina lililopoteza kilele hutoa machipukizi mawili au zaidi pembeni. Baada ya kukatwa mara kadhaa, shina hilo huchakaa na kubaki limepukutika majani kwa chini. Hapo ni vyema kuling'oa na kupanda vilele vipya mahali pake.

Madukani mimea hii mara nyingi huuzwa kwa mafungu yaliyofungwa kwa mpira au kipande cha risasi ili yazame. Mnunuzi asiyejua hulichomeka fungu lote kama lilivyo. Mashina ya katikati hukosa mwanga na maji yanayotembea, huanza kuoza, na uozo huo husambaa kwa mengine. Fungu linapaswa kufunguliwa, mashina yaliyovunjika au kuwa meusi yatupwe, na kila shina lipandwe peke yake kwa nafasi ya sentimita mbili au zaidi. Kibano kirefu hurahisisha kazi, kwani vidole hufukua ya jirani wakati vinapanda jingine.

Kundi la pili ni mimea inayotoa majani yote kutoka kitovu kimoja, kama Vallisneria, Echinodorus na Cryptocoryne. Mfano wake shambani ni mkonge. Mvunaji wa mkonge hukata majani ya nje, ya chini, na kuuacha moyo wa mmea. Vivyo hivyo kwenye tangi, jani zee au lenye mwani hukatwa karibu kabisa na kitovu chake. Kukata ncha tu za majani ili mmea uonekane mfupi huacha kidonda kinachogeuka kahawia, na jani hilo huishia kufa.

Wakati wa kupanda kundi hili, mizizi mirefu hupunguzwa mpaka kiasi cha sentimita tano, ili isijikunje ndani ya changarawe. Mizizi hufukiwa yote, lakini kitovu, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, hubaki juu. Kitovu kikifukiwa huoza, na mmea hauna kitovu cha pili.

Vallisneria huzaliana kwa kutoa shina linalotambaa juu ya changarawe, na mwishoni mwa shina hilo huota mtoto. Mkulima wa migomba anajua kwamba chipukizi likitenganishwa mapema mno hudhoofika. Ni vyema kusubiri mpaka mtoto awe na majani matatu au manne na mizizi yake mwenyewe, ndipo shina linalomuunganisha na mama likatwe. Cryptocoryne kwa upande wake ina tabia ya kuyayusha majani yake yote inapohamishwa au maji yanapobadilika ghafla. Wengi huing'oa wakidhani imekufa. Mizizi ikiwa mizima, isiguswe. Baada ya wiki kadhaa hutoa majani mapya yaliyozoea maji ya hapo.

Kundi la tatu ni mimea yenye shina nene linalolala, linalofanana na tangawizi. Humo wamo Anubias na Microsorum pteropus, aina ya jimbi kutoka Asia. Kufanana na tangawizi kunaishia kwenye umbo tu. Tangawizi hufukiwa, lakini shina la mimea hii likifukiwa huoza. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha gogo, na baada ya muda mizizi hushika yenyewe. Kuizidisha ni kulikata shina hilo kwa kisu kikali, kila kipande kikibaki na majani matatu au manne.

Kazi ya kukata ina ratiba yake. Mimea ya shina inayokua haraka huhitaji mkasi kila baada ya wiki mbili hadi nne, kutegemea mwanga na chakula. Anubias inaweza kukaa miezi. Kanuni ya jumla ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya mimea ya tangi kwa siku moja. Mimea ndiyo inayokula mbolea iliyomo majini. Ikipunguzwa yote kwa mara moja, chakula hicho hubaki bila mlaji, na mwani huingia kukimaliza.

Baada ya kukata, vipande vinavyoelea huondolewa kwa wavu mdogo kabla havijaziba chujio au kuanza kuoza. Kisha robo ya maji hubadilishwa. Maji ya bomba yenye klorini yasimwagwe moja kwa moja. Yakiwekwa kwenye ndoo wazi kwa saa 24, sehemu kubwa ya klorini hutoka, na madukani kuna dawa ya kuiondoa papo hapo.

Yako pia makosa matatu yanayowagharimu wanaoanza, na yote yanatokana na nia njema. La kwanza ni kutumia mchanga wa ufukweni. Mchanga huo una chumvi na vipande vya makombe, ambavyo huongeza ugumu wa maji siku hadi siku. Mchanga wa mto au changarawe ndogo ya milimita mbili hadi tatu, iliyooshwa mpaka maji yawe meupe, inafaa zaidi. Unene wa sentimita tano hadi nane unatosha kushika mizizi.

Kosa la pili ni mbolea ya shambani. Mtu anayeona majani yamepauka hushawishika kuweka punje chache za urea au DAP. Mbolea hizo zina amonia au hubadilika kuwa amonia ndani ya maji, na samaki wanaweza kufa kabla mmea haujanufaika. Zipo mbolea maalumu za mimea ya majini, na katika tangi lenye samaki wa kutosha, mimea inayokua polepole hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutokana na samaki wenyewe.

Kosa la tatu ni mwanga wa kupindukia. Taa huachwa inawaka mchana kutwa na usiku kucha kwa imani kwamba mmea utakua mara mbili. Saa sita hadi nane kwa siku zinatosha kwa tangi la kawaida. Zaidi ya hapo anayenufaika ni mwani. Tangi lililowekwa dirishani kwenye jua la moja kwa moja hupata tatizo hilo hilo, na maji yake hupata joto ambalo mimea na samaki wengi hawalipendi.

Sasa hesabu ya mjasiriamali. Mtu mwenye mashina 10 akikata na kupanda vilele vyake, na kila shina likawa mawili, anakuwa na 20. Akirudia mara tatu zaidi anakuwa na 160. Hii ni hesabu ya kwenye karatasi, kwani baadhi huoza, baadhi huliwa na samaki, na nafasi huisha. Hata hivyo inaonyesha kwa nini biashara hii haihitaji mtaji mkubwa wa kuanzia. Inachohitaji ni matangi au mabeseni ya ziada, mkasi, kibano na uvumilivu.

Walio mbele katika biashara hii hawaitegemei hata maji mengi. Vitalu vikubwa vya mimea ya matangi hukuza mimea mingi nje ya maji, mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa hewani ndani ya nyumba yenye unyevunyevu mkubwa. Mimea hiyo kwa asili huota kandokando ya vijito, ambako hufunikwa na maji wakati wa mvua na kubaki nchi kavu wakati wa kiangazi. Kwa njia hiyo hukua kwa nguvu na haishambuliwi na mwani. Ikishazamishwa, majani ya hewani hufa taratibu na nafasi yake huchukuliwa na majani ya majini. Muuzaji anayemweleza mteja jambo hilo mapema huepuka lawama.

Mfano wa Denmark unafundisha. Kampuni ya Tropica ilianzishwa huko mwaka 1970 na Holger Windeløv, katika nchi ambayo majira ya baridi hayana jua la kutosha hata kwa mboga, na leo jina lake linajulikana kwa wapenzi wa matangi katika nchi nyingi. Miongoni mwa mimea maarufu katika biashara hiyo duniani ni Anubias barteri, ambayo asili yake ni vijito vya misitu ya Afrika Magharibi, ikiwamo Kameruni. Mtaalamu Heinrich Wilhelm Schott aliipa jamii hiyo jina mwaka 1857, akilitoa kwa Anubis, mungu wa Misri ya kale. Mmea wa Afrika unakuzwa chini ya paa za vioo Ulaya, na Mwafrika mwenye tangi hulazimika kuununua kama bidhaa kutoka ng'ambo.

Hakuna sababu ya msingi ya kuwazuia vijana wa Arusha, Morogoro, Mwanza au Mbeya kufanya kazi hiyo hiyo kwa kivuli cha neti na mabeseni ya plastiki. Joto lipo, mwanga upo mwaka mzima, na ujuzi wa vitalu vya maua na miche ya miti umekwisha kuota mizizi. Vallisneria na Ceratophyllum huota kiasili katika maziwa makuu ya Afrika Mashariki, hivyo hata mbegu ya kuanzia haiko mbali.

Lakini hapo ndipo upande wa pili wa sarafu unapojitokeza. Kila sifa inayoufanya mmea wa tangi kuwa biashara nzuri ndiyo inayoufanya kuwa adui mbaya ukitoroka. Unakua haraka, unaota kutokana na kipande, hauhitaji mbegu, na hauna mdudu wa kuula katika nchi ya ugeni.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa. Gugu maji ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ukatajwa kuwa njia mojawapo iliyoliingiza. Kufikia mwaka 1998 lilikadiriwa kufunika takriban hekta 20,000 za ziwa hilo. Mialo ilizibwa, mitumbwi ilishindwa kutoka, na vyanzo vya maji vya miji vilisumbuliwa. Fukusi wa aina ya Neochetina waliachiwa katika miaka ya 1990 ili walile, na ukubwa wa tatizo ukapungua sana, lakini gugu hilo halijaisha hadi leo.

Mfano wa Kariba ni wa kutisha zaidi. Baada ya bwawa hilo la Mto Zambezi kuanza kujaa mwishoni mwa mwaka 1958, mmea unaoelea uitwao Salvinia molesta, wenye asili ya Brazili, ulionekana mwaka 1959. Kufikia mwaka 1962 ulikuwa umefunika kilometa za mraba 1,000 hivi, karibu sehemu moja kati ya tano za ziwa. Mmea huo ni tasa. Hauzai mbegu wala chembe zinazoota. Kila kilichoenea pale kilitokana na vipande kukatika na kukua. Salvinia hiyo hiyo ilivamia pia Ziwa Naivasha nchini Kenya.

Afrika nayo imewahi kuwapelekea wengine janga. Lagarosiphon major, mmea wa kusini mwa Afrika, uliuzwa nchi nyingi kama mmea wa kuongeza oksijeni katika matangi na mabwawa ya bustani. New Zealand ulianza kuonekana kwenye maji ya asili katika miaka ya 1950. Mimea yote ya huko ni ya kike, kwa hiyo haizai mbegu, lakini vipande tu vimetosha kuusambaza kwenye maziwa, vikibebwa na boti na nyavu. Ireland uligunduliwa mwaka 2005 katika ziwa la Lough Corrib. Marekani nayo, Hydrilla iliingia Florida katika miaka ya 1950 kupitia biashara ya matangi, na jimbo hilo limetumia mamilioni ya dola kupambana nayo.

Ipo hatari nyingine inayosahaulika, nayo ni konokono. Mimea iliyochotwa kwenye mabwawa na mifereji yaweza kubeba konokono wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus, ambao ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho. Mwaka 1973 Biomphalaria wa Amerika ya Kusini walikutwa Hong Kong, na biashara ya mimea ya matangi ikatajwa kuwa ndiyo iliyowafikisha huko. Mtu anayeingia bwawani bila viatu vya mpira kuchota mimea ya kuuza hujihatarisha kwanza yeye mwenyewe, kisha mteja wake. Mmea wowote mpya unapaswa kuoshwa, kukaguliwa mayai ya konokono chini ya majani, na kukaa peke yake kwenye ndoo kwa wiki moja au mbili kabla ya kuingizwa kwenye tangi.

Wako watakaosema dawa ni kupiga marufuku biashara yote. Hoja hiyo haina budi kusikilizwa, lakini haitoshi. Marufuku ya jumla huisukuma biashara gizani, ambako hakuna mkaguzi wala maelezo kwa mteja. Njia iliyotumiwa kwingine ni ya kuchagua. Uingereza mwaka 2014 ilizuia uuzaji wa mimea mitano ya majini iliyothibitika kuwa sugu, na kuacha mingine iendelee. Umoja wa Ulaya una orodha yake, iliyoanza mwaka 2016, ambayo Lagarosiphon major imo. Muuzaji anajua kipi ni halali na kipi ni haramu.

Tanzania inavyo vyombo vya kufanya hivyo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyotokana na sheria ya mwaka 2020, ndiyo yenye dhamana ya kuzuia visumbufu vya mimea na kutoa vyeti vya afya ya mimea inayovuka mipaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo ipo. Kinachotakiwa ni orodha fupi ya mimea ya matangi isiyoruhusiwa, yenye picha na kwa Kiswahili, ikabandikwa katika kila duka la samaki wa mapambo. Mkaguzi wa mpakani asiyeitambua Salvinia kwa macho hawezi kuizuia.

Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi haziwezi kuachwa nje ya mpango huo. Maji hayana pasipoti. Kipande kilichotupwa katika kijito cha nchi moja huota kwenye mwalo wa nchi nyingine, na gharama ya kukiondoa hulipwa na mvuvi ambaye hajawahi hata kuona tangi la kioo.

Vyuo navyo vina nafasi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi vinao wataalamu wa mimea na wa maji. Kijitabu chepesi juu ya namna ya kuzidisha Vallisneria, Ceratophyllum na Anubias, pamoja na namna ya kuteketeza mabaki, kingewasaidia vijana wengi kuliko semina za hotelini. Pia kinaweza kuwaelekeza waanze na mimea ya asili ya hapa, bila kuihamisha kutoka ziwa moja kwenda jingine.

Lakini hata kabla ya serikali, wajibu wa kwanza uko kwa mwenye mkasi. Mabaki ya mimea yasitupwe chooni, mtaroni, mtoni wala ziwani. Yaanikwe juani juu ya saruji au bati mpaka yakauke na kuvunjika mkononi, ndipo yachanganywe kwenye mboji au yachomwe. Maji machafu ya tangi yamwagwe kwenye bustani ya mboga au maua yaliyo mbali na mfereji. Hapo yatafanya kazi ya mbolea, na kipande kilichojificha humo kitakufa kwa kukosa maji. Mwenye mimea ya kuzidi ampe jirani au amuuzie dukani, na anayechoka na tangi asiende kulimwaga bwawani kwa huruma ya samaki.

Mwenye duka naye asiishie kupokea fedha. Anayeuza fungu la Hygrophila amweleze mteja mambo mawili: namna ya kulipanda na mahali pa kupeleka yatakayokatwa. Maelezo hayo huchukua dakika tano. La kwanza humfanya mteja arudi kununua tena, kwa sababu mimea yake imeshika. La pili huliokoa ziwa.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Gugu maji lilianza kama ua zuri lililotamaniwa na wengi, na hakuna aliyelitunza akiwaza mitumbwi iliyokwama. Biashara ya mimea ya matangi bado ni changa hapa nchini, na huo ndio wakati mwafaka wa kuiwekea utaratibu, ilhali wanaoifanya ni wachache na kuwafikia ni rahisi. Ikiachwa mpaka iwe kubwa, kazi ya kuelimisha itageuka kuwa kazi ya kung'oa, na kila mvuvi wa Kanda ya Ziwa anajua ni ipi kati ya hizo mbili iliyo ghali.